Nilisema Ndiyo Nikisubiri Kusomewa

Mpendwa Bi Corliss wa safu ya ushauri, nakuandikia nikiwa jikoni kwangu nimefunga mlango, maana nimefanya jambo na sijui pa kulipeleka, naomba unishike mkono.

Mimi nilikuwa diwani miaka kumi na minne katika mji wetu wa watu mia tisa, na wala sikuingia kwa kupenda siasa, niliingia kwa sababu ya mtaro uliokuwa ukifurika mbele ya nyumba yangu kila theluji ikiyeyuka, nikaubana uongozi mpaka ukazibuliwa, watu wakasema basi kaa wewe kwenye kiti, nikakaa, nikahangaika na mabomba na mbwa wanaobweka na barabara zisizosafishwa, nikawa siwezi kununua viazi dukani bila kusimamishwa na mtu mwenye shida, na nakiri niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa nikisema. Novemba iliyopita majirani wakanituma bunge la jimbo.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwenye ukumbi wetu wa mji, karani husoma kila jambo kwa sauti, hata kama ni kununua ndoo ya rangi, kisha mwenyekiti huuliza nani ana la kusema, ndipo tunapiga kura. Kule bungeni kulikuwa na muswada wa kuhamishia magari ya wagonjwa ya miji midogo yote makao makuu ya wilaya, nasi gari letu linaendeshwa na majirani wanaojitolea, na makao makuu yako maili thelathini, na wakati wa theluji maili hizo hazina mwisho. Nikaandika hotuba ya kurasa mbili kuupinga. Alhamisi kabla ya likizo ya Pasaka ya siku kumi na moja nikakaa nikisubiri usomwe. Spika akasema tunapitisha orodha ya miswada isiyo na ubishi, wote isipokuwa wawili wakabonyeza kijani, nami nikabonyeza, nikidhani ni mambo madogo madogo na ule ninaoupinga bado unakuja. Kumbe ulikuwa wa kumi na tisa kwenye orodha ileile, na hotuba imo kwenye mkoba.

Sikujua mpaka Jumamosi, Verlin aliposoma gazetini pale mgahawani kwamba muswada umepita. Verlin tulikaa naye udiwani miaka yote hiyo, ndiye dereva mkuu wa gari la wagonjwa, na Januari gari hilo lilimfikia mke wake kwa dakika sita moyo ulipomgoma, ndiyo maana mama yule yuko hai. Nikamwambia hapana, gazeti limekosea, haujasomwa bado. Nikatoka nje nikampigia karani wa bunge. Akanijibu kwa upole kabisa, "Umepita, Mheshimiwa. Na wewe ulisema ndiyo."

Niliporudi ndani Verlin alikuwa ameshaanza kuandikisha watu wa basi la kwenda bungeni Jumanne tutakaporudi kikaoni. Bado ananiita Diwani. Akasema, "Diwani, wewe utasimama pale kwenye ngazi za bunge utusemee. Hao waliosema ndiyo nataka niwaone usoni mmoja mmoja." Bi Corliss, niliitikia kwa kichwa, nikala pai yangu yote.

Mume wangu anasema, "Nyamaza tu, mke wangu. Nani huwa anasoma orodha ya kura?" Mimi nawaza kujiuzulu nirudi udiwani, kule nilikuwa najua ninachofanya. Naona aibu mpaka salamu za kanisani nazikwepa. Nifanye nini?

Ni mimi, Niliyebonyeza Kijani.

*

Mheshimiwa Uliyebonyeza,

Pole. Nimekuonea huruma kweli, maana kosa lako ni la mtu aliyezoea mahali ambapo kila jambo hutamkwa mbele ya watu. Huruma yangu inaishia hapo. Orodha ile iliwekwa mezani kwako siku moja kabla. Miezi mitatu umekaa mle ndani, ukaona haya kumuuliza jirani yako wa kiti jinsi kura zinavyopigwa? Mtu aliyekaba mji mzima koo kwa ajili ya mtaro tangu lini akaogopa kuuliza?

Mumeo anakupenda, ila ushauri wake ni mbovu. Kura zimeandikwa kwa majina, na atakayekuwa wa kwanza kuzisoma ni yule anayekitaka kiti chako. Habari ya kujiuzulu sitaki kuisikia. Wagonjwa wamekosa gari, na wewe unataka wakose na mbunge?

Leo hii nenda kwa Verlin. Usipige simu, na usibebe pai. Mwambie ni wewe, kisha funga mdomo umwache akasirike, ana haki. Mke wake akiwepo, mwambie naye. Usijitetee kwa habari za orodha mpaka akuulize mwenyewe.

Halafu nisikilize vizuri, maana niliripoti vikao miaka tisa kabla ya kupewa safu hii. Kanuni za bunge lenu zinaruhusu jambo lililopita lirudishwe lipigiwe kura upya, mwisho siku ya kikao inayofuata. Kikao kinachofuata ni Jumanne. Na anayeruhusiwa kuliomba ni mbunge aliyekuwa upande ulioshinda, hakuna mwingine. Wale wawili waliosema hapana hawawezi. Seneta wenu hawezi. Verlin na basi lake zima hawawezi. Wewe unaweza.

Kwa hiyo mpigie karani wa bunge akufundishe maneno ya kutamka, uyaandike. Wapigie wabunge wa miji midogo mmoja mmoja, waulize kama waliusoma ule wa kumi na tisa. Utashangaa wangapi hawakuusoma. Basi lije, ila watu wasibaki ngazini, wapande roshani ya wageni wakuone ukifanya kazi waliyokutuma.

Siahidi kwamba utashinda. Lakini Jumanne asubuhi, Spika atakapokuuliza una haki gani ya kuurudisha muswada huu, simama wima ujibu kwa sauti, roshani nzima isikie: "Nilisema ndiyo."