Kuvuka kwa Miguu hadi Kisiwani

Jumatatu, 3 Machi

Naandika hapa kwa sababu moja tu. Meneja amenipa kazi ya kuandika mwongozo wa kuutembelea mji wetu wa pwani, na mwongozo hauna nafasi ya mambo yangu. Kule nitamwandikia mgeni. Huku nitayaweka yanayobaki, yasije yakapenya kwenye kazi.

Kazi yenyewe ni kurasa nane: "Mji kwa Macho ya Mwenyeji". Katika kampuni hii ya utalii yenye watu kumi na wawili, mwenyeji wa kule ni mimi peke yangu. Meneja aliyasema hayo mbele ya wote. Akaongeza kuwa kipindi changu cha majaribio kinaisha mwisho wa mwezi, na kurasa hizo ndizo zitakazonisemea. Nilijibu kwamba ninaipokea heshima hiyo kwa mikono miwili. Msahihishaji wetu, ambaye ofisi nzima humwita Bwana Nukta, alikohoa kidogo.

Mwenyeji! Sijakanyaga kule miaka mitano.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa tatu zimekamilika. Mnara wa zamani — upandwe asubuhi, jua likiwa mgongoni, vinginevyo picha zote zitakuwa kivuli kitupu. Hotelini — mgeni aombe chumba cha nyuma kinachotazama mapaa ya mtaa wa mafundi. Vya mbele vinatazama bahari, kweli, lakini upepo huyagonga madirisha mpaka alfajiri, na hakuna mhudumu atakayelitaja hilo.

Yasiyoingia: karakana ya Baba iko kwenye mtaa huohuo. Yeye ni seremala. Kazi chini, sisi juu. Utoto wangu wote niliamshwa na randa ikipita kwenye ubao, kisha harufu ya gundi ya moto ikapanda ngazi. Hapa ninaamshwa na simu. Nimejaribu milio yote iliyomo. Hakuna unaofaa.

Bwana Nukta amezisoma. Akaniambia kwa upole: dada yangu, hii ni barua ya mapenzi; mtalii anataka kujua choo kiko wapi.

Nimeongeza vyoo.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa sita — kisiwa. Nimeuandika kwa pumzi moja: "Jumamosi, saa nne asubuhi, shuka ngazi za chini, nyuma ya ghala la forodha. Maji yatakuwa yametoka. Utavuka kwa miguu hadi kisiwani, mwendo wa dakika ishirini." Meneja ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Anasema hilo halimo katika vitabu vya wenzetu, kwa hiyo libaki hivyohivyo.

Yasiyoingia: Baba alikuwa akinivua viatu, anavifunga kamba pamoja, anavitundika shingoni mwake. Yeye mbele, mimi nyuma, nikiwahi kukanyaga nyayo zake kabla hazijajaa maji. Hakuwa mtu wa maneno. Katikati ya njia alisimama, akanishika mabega, akanigeuza niutazame mji. Ukiwa pale mji wote unaonekana mdogo, kama kitu ambacho fundi mmoja angekimaliza kwa wiki.

Nilimwahidi kwamba nikipata shahada nitarudi. Nilipopata kazi hii nilimwarifu kwa meseji — ndefu, yenye aya, yenye shukrani. Alijibu: "Sawa." Tangu siku ile simu zangu hupokelewa na Shangazi, dada yake, anayeishi naye. Baba yuko karakanani. Baba ametoka kidogo. Baba anakusalimu.

Jumatano, 12 Machi

Mwongozo umechapishwa! Meneja ameuita "kazi ya mtu mwenye mji wake". Wateja wa kwanza ni mume na mke wastaafu, bwana anatembelea mkongojo. Watavuka kwenda kisiwani Jumamosi ya tarehe 22.

Nimemtumia Shangazi kurasa zote kwa simu, nikamtajia na wateja hao, na kumsihi amsomee Baba kwa sauti. Ninakiri hapa, maana hapa hapasomwi na mtu: nilimwandikia mgeni, lakini niliyetaka asikie ni yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Shangazi amepiga wakati wa chakula cha mchana. Alisimama karakanani akasoma tangu mwanzo hadi mwisho, Baba akipiga msasa kama hasikii. Walipofika ukurasa wa kisiwa msasa ukanyamaza. Akauliza: Jumamosi gani? Shangazi akamjibu kuwa Jumamosi yoyote, ndivyo mtoto alivyoandika. Baba akacheka. Shangazi anasema ana miezi hajamsikia akicheka hivyo, hata jirani alichungulia.

Kisha akamweleza kuhusu wateja wa tarehe 22. Kicheko kikakatika. Baba akatoa kile kijitabu cha maji kujaa na kupwa anachokiweka kwenye droo ya misumari. Tarehe 22, saa nne asubuhi, njia nzima itakuwa chini ya maji. Katikati yatampita mtu mzima kichwa.

Nikasema haiwezekani, tulivuka saa nne siku zote. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yake, nyuma ya Shangazi:

"Mwambie mimi nilikuwa nachagua siku. Yeye alikuwa anaona saa tu."

Bamvua, zile siku ambazo maji hutoka mbali kabisa, huja kila baada ya wiki mbili, na kule kwetu hutoka karibu saa ileile. Baba alikuwa akinipeleka Jumamosi hizo. Jumamosi nyingine aliniambia ana kazi. Utoto mzima niliamini kwamba ana kazi. Nina shahada ya daraja la kwanza katika utalii, na nimemwelekeza mzee mwenye mkongojo aingie baharini.

Kabla ya kukata, Shangazi akashusha sauti. "Tangu uondoke hajavuka, mwanangu. Nikimwambia nenda, anasingizia goti. Goti gani, na ngazi za hapa anazipanda mara ishirini kwa siku?"

Jumatatu, 17 Machi

Siku nne nimenyamaza nalo. Niliandaa barua pepe saba, sikutuma hata moja. Leo asubuhi nilimweleza Bwana Nukta. Ushauri wake: mtafutie mzee yule udhuru wowote, asivuke, wewe thibitishwa kwanza, kisha toa toleo la pili, "lililoboreshwa". Ndivyo wanavyofanya wote, akasema. Akanitazama. Akasema basi nenda, maana huo uso wako hauwezi kuficha hata kikohozi.

Nikaenda. Nilikuwa na sentensi niliyoipanga vizuri, ikakatika katikati. Meneja hakupaza sauti. Aliwapigia wateja mbele yangu, akakifuta kisiwa katika safari yao, akaagiza nakala zote zirudishwe. Ndipo akaniuliza:

"Kwani wewe si mwenyeji wa kule?"

Lau angenifokea!

Suala langu limepelekwa kwa Mkurugenzi, ambaye hupita hapa mara moja tu kwa mwezi. Kikao ni Jumamosi, tarehe 29, saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 22 Machi

Wale wastaafu wametuma picha kutoka kwenye ngazi za chini, saa nne kamili. Maji yamefika ngazi ya tatu kutoka juu. Wanasema pazuri sana na wanashukuru.

Nimeikuza picha kwa muda ambao siwezi kuuita wa kikazi. Ukutani, kushoto, pana mlango wa ghala wenye bawaba mpya. Kazi hiyo ni ya Baba. Hakuna mwingine kule anayezamisha misumari namna ile.

Jumanne, 25 Machi

Shangazi tena. Jana Baba alifungua kijitabu chake, akasema bila kuinua kichwa kwamba Jumamosi hii ni bamvua, maji yatatoka saa nne kasorobo. Basi. Akarudi kwenye randa.

Nikauliza kama alisema niende. Shangazi akaguna. "Ndivyo anavyoalika huyo. Hata marehemu mama yako alimposa hivyohivyo: alimtajia siku, akaondoka zake."

Jumamosi hii! Tarehe 29. Nimelitazama tangazo la kikao ukutani kana kwamba litajisogeza lenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Ninaandika haya ofisini, mezani kwangu. Ni mara ya kwanza.

Basi la pwani linaondoka kesho saa tisa alasiri na kufika Jumamosi saa mbili asubuhi. Nilimwandikia Meneja barua kuomba kikao kisogezwe. Aya nne: historia ya suala, majuto yangu, dira yangu ya miaka mitano, ombi. Bwana Nukta aliomba kuipitia. Akafuta, akafuta, akanirudishia mstari mmoja: "Naomba kikao kisogezwe hadi siku nyingine, kwa kuwa Jumamosi baba yangu ananisubiri." Nikamwambia hiyo si lugha ya kiofisi. Akasema ndiyo maana itasomwa.

Nimeiweka mezani kwa Meneja saa nane. Namwona kupitia kioo. Ameisoma. Ameigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu. Sasa anazungumza na simu, nadhani na Mkurugenzi, amenipa mgongo.

Simu yangu imeita — namba ya Shangazi. Nikasema shikamoo Shangazi. Kikajibu kikohozi nikijuacho.

"Ni mimi," akasema Baba. Nyuma yake hakuna randa. Ameisimamisha kazi ili anipigie.

Nikamwamkia upya. Akaitikia. Akaniuliza kama huku kuna joto. Nikasema lipo la wastani. Meneja ameweka simu chini. Ameinuka, karatasi yangu mkononi, anakuja.

"Nikukute wapi?" Baba akauliza.

Kitasa cha mlango kikazunguka, nami nikamjibu: Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, saa nne kasorobo, kwenye ngazi za chini.