Maji ya Chumvi Niliyoyaongeza

Juba, Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa wiki zote ambazo sikukupigia simu. Goti lako laendeleaje? Dada Mwanasha kaniambia umerudi kuchokoa makombe pwani siku za bamvua, maji yakitoka mbali. Nilikasirika, kisha nikajiuliza, mimi ni nani wa kumkasirikia mtu siku hizi. Mwili wangu mzima. Joto la Juba ni lile lile, shati unalivaa kavu unalivua bichi. Nakula, homa sina. Ila moyo haujatulia, na barua hii naomba uisome umekaa.

Ningekupigia, lakini jambo hili likipita mdomoni mwangu nitalipamba. Wanijua. Nampa dereva wa lori anayerudi Mombasa, ataifikisha kwa Mwanasha.

Nilikwambia nimeacha ule mkahawa wa Malakia, nikapata kazi nyumbani kwa Madam Suzan, upande wa Jebel. Madam ni mwenyeji wa huku, ila alikulia Nakuru wakati wa vita. Sebuleni kwake pana tangi la kioo, urefu kama kitanda chako, ndani maji ya chumvi, mawe, samaki wawili watatu na makombe matano, hai ndani ya maganda yake. Ndiyo Mama, makombe! Si haya yako ya kuchemsha. Haya ni ya kutazamwa tu, yana midomo ya buluu na kijani iliyojikunjakunja, mgeni akikaa mbele yake chai inampoa mkononi. Yaliletwa kwa ndege kutoka Nairobi, kila moja na mfuko wake wa maji.

Kazi niliipata kwa mdomo. Nilimwambia Madam, "Mimi mtoto wa pwani, mama yangu kanilea kwa makombe." Na ni kweli. Sikumwambia kwamba ndoo yako nilikuwa nakataa kuibeba, wenzangu wa shule wasinione.

Fundi aliyelijenga tangi alikaa nami siku mbili. Alinifundisha saa za kuwasha taa, maana makombe haya yanaishi kwa mwanga. Alinionyesha dawa ya chokaa ya kukuza ganda, na vikonokono vidogo vinavyojificha chini ya kombe na kulinyonya. Akasema kombe likishashika jiwe usilihamishe. Na kombe zima, ukipitisha mkono juu yake, kivuli tu kikiligusa linajifunga pap! Mwisho akaniachia kipimo cha chumvi na madumu ya maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi hata chembe. "Maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza haya."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nacheka. Mtu wa bara huyu, atanifundisha bahari mimi? Maji ya bahari yapungue, uongeze maji ya kunywa! Alipotoa mguu tu nikaanza kukoroga chumvi yangu kwenye ndoo na kuongeza maji ya chumvi, kila asubuhi. Kipimo sikukitoa kwenye boksi. Nilikuwa naonja kwa ulimi, Mama, mbele ya wageni, nao wanacheka na kunipigia makofi.

Kwa jua la huku tangi hupungua kila siku. Kinachokwenda na joto ni maji matupu, chumvi inabaki, na mimi juu yake namwaga nyingine. Wewe ungejua. Ni wewe uliyekuwa ukisema vile vidimbwi vya juu pwani, vinavyobaki maji yakitoka, jua likivipiga siku nyingi, maji huwa makali na makombe ya humo hufumba mpaka yakafa. Ulikuwa ukisema nami natazama pengine.

Makombe ya Madam yalianza kusinyaa midomo. Nikasema yamechoka. Siku moja mawili yakaamka yameachama, hayajifungi hata ukiyagusa, na sebule nzima inanuka. Madam akaniita, na akamwita Keji.

Keji ndiye aliyekuwa akisafisha nyumba. Ni mama wa makamo kutoka Rejaf, aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi. Nilipougua malaria ni yeye aliyeniletea uji siku nne mfululizo, na hakuna aliyemtuma. Jana yake alikuwa amepiga dawa ya mende.

Madam akaniuliza, "Bakari, wewe ndio unajua hii kitu. Inaweza kuwa ni ile dawa?"

Keji akasema, "Mimi hapana piga dawa hapa. Mimi ilipiga jikoni, mlango nilifunga."

Wote wawili wakanitazama. Mama, sikuwa najua kilichoyaua. Ningeweza kusema sijui. Lakini mtoto wa pwani aseme hajui? Nikasema, "Inawezekana, Madam. Dawa husafiri na hewa."

Keji akafukuzwa siku ile ile. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya kiti, akaniaga kwa jina langu.

Alipoondoka ndipo nikatoa kile kipimo kwenye boksi. Mshale ulipita alama zote. Nilikaa chini sakafuni palepale. Kisha nikaanza kuongeza yale maji ya madumu, kidogo kidogo, siku nyingi, maana ukiyashtua yanakufa pia. Makombe matatu yaliyobaki yakafunguka, na ukingo mweupe wa ganda jipya ukaanza kuonekana. Madam akafurahi, akawa anawaambia wageni, "Tangu Keji aende, ona vile yamepona! Huyu kijana ni mtaalamu." Nilikuwa nasimama pale na trei, nachekacheka kama mjinga. Aibu niliyokuwa nayo, Mama, kula nilishindwa.

Wiki iliyopita nikashindwa na kunyamaza pia. Nikamwambia Madam yote. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Enda umrudishe Keji mwenyewe. Akikataa, na wewe usirudi hapa."

Jana nikaenda Rejaf. Nilimkuta anapalilia bamia. Alifurahi kuniona, akanipa kigoda na maji, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Ile vitu ya Madam imepona? Mimi naombea hiyo kanisani." Nikamwambia. Nilisema nikitazama chini, lakini nilisema yote, ulimi, kipimo, na lile neno langu mbele ya Madam.

Akaweka jembe chini. Kisha akasema, "Mimi nilijua mimi hapana piga dawa pale. Lakini nikakaa nauliza, pengine nilisahau? Pengine mkono yangu ilikuwa na dawa? Mtoto ya dada yangu analetwa nimbebe, nakataa. Bakari, wewe ulifanya mimi naogopa mkono yangu."

Nikasema malesh, ndiyo samahani ya huku. Nikalirudia hilo malesh mara nyingi. Akatikisa kichwa.

"Malesh ya mtu moja hapana tosha. Mtu mkubwa akiharibu, watu yake wanakuja, wanakaa chini, wanasikia. Wewe watu yako iko wapi?"

"Wako mbali."

"Mama yako iko?"

"Yuko."

"Yeye anajua?"

Nikasema hujui.

"Basi ajue. Nataka kusikia yeye. Nikisikia yeye, nitarudi kazi."

Ndiyo hiyo, Mama. Watu wangu ni wewe. Namba ya Keji nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie, mwamkie vizuri, zungumza polepole. Usimwambie mimi ni mtoto mwema. Usimwambie baba alituacha wadogo, wala kwamba huku niko peke yangu. Mwambie tu umeisoma barua hii mpaka mwisho, na umejua mwanao alimfanyia nini.

Nisalimie Dada Mwanasha na shemeji mshona nguo. Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie miwani yake naitafuta. Baba mdogo wa msikitini mwombe aniombee, sababu usimwambie. Majirani wote waliokuwa wakibeba ndoo yako nilipokuwa nimejificha, wape salamu zangu za heshima.

Na Keji akikuuliza kama nilikuwa hivi tangu mdogo, usinifiche, Mama. Mjibu kweli.

Ni mimi mwanao,
Bakari