Pikapu ya Shingoni kwenye Gitaa la Kaka

Jumuiya ya Marlu Bore,
Kupitia Alice Springs.
Jumanne, 5 Agosti 1997

Mpendwa Kaka Kumunjayi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu jangwani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Adelaide? Carmel na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Asubuhi tunaamka maji ya mbwa yameganda kwenye bakuli, na ikifika saa sita jua linatuomba msamaha. Shangazi Lottie bado analia na jino lake, na bado hataki ling'olewe.

Niwie radhi kwa kukuita Kumunjayi, yaani asiyetajwa jina. Najua huko mjini wanakuita jina lako siku nzima bila kujali. Lakini mchungaji aliwabatiza wewe na kaka yangu jina moja, na yeye alipofariki, jina likaondoka naye, maana kwetu marehemu hatajwi wala sauti yake haisikilizwi. Mpaka Mama atakaposema lirudi, wewe nawe huna jina hapa kwetu. Ndiyo maana barua zangu nazituma kwa jina la Carmel. Mwezi ujao itatimia miaka miwili.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha. Gitaa lake limerudi.

Unakumbuka baada ya mazishi lilipelekwa kwa Mjomba, kilomita mia nne kutoka hapa, ili Mama asilione. Mjomba alilirudisha wakati wa Pasaka. Alisema amelitunza vya kutosha, sasa ni zamu ya mdogo mtu. Mama alilitazama likiwa sandukuni, kisha akaniambia, "Lipige ukitaka, Otto. Ila sitaki kumsikia yeye." Akaenda zake kuokota kuni.

Kaka, tangu siku hiyo naogopa. Unajua mwaka ule wa kwanza Mama alivyokuwa. Alikaa kambi ya msiba mpaka akabaki mifupa, na ndege ya madaktari ikaja kumchukua mara mbili. Sasa anakula, anacheza karata, anawatukana marefa kama zamani. Naogopa nitagusa uzi mmoja tu nimrudishe kule, na safari hii asitoke.

Gitaa lenyewe lilirudi bovu. Pikapu ya darajani, ile sumaku ya kunasa sauti kali kule nyuzi zinakofungwa, ni nzima kabisa. Ya shingoni, iliyo karibu na mpini, aliyokuwa akipigia nyimbo za taratibu, imekufa, vumbi limekula waya wake. Nikajiambia kuwa hii ni bahati. Sauti yake ilikaa pale shingoni, basi nitaweka nyingine isiyofanana nayo hata kidogo.

Nikaenda mjini Alice kwa Bi Gwenda, yule fundi wa magitaa anayevaa miwani mbili kwa pamoja. Alinipangia pikapu tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa pacha wa ile iliyokufa, sikuigusa. Ya pili ilikuwa pana na nene, na Gwenda mwenyewe akaikataa. "Shingoni nyuzi zinayumba kuliko darajani," akasema. "Ukiweka yenye nguvu pale, umempa mlevi kipaza sauti. Hii ya darajani haitasikika tena." Ya tatu ni ndogo, imevikwa bati, waya wake umezungushwa kidogo na sauti yake ni ya upole. Nikaichukua hiyo.

Kabla sijaondoka akaniuliza, "Una kanda yoyote ya marehemu? Niletee nisikilize, tujue tunakimbia sauti gani." Nikamwambia kanda zote zimefichwa, hakuna anayezipiga. Gwenda ameishi Alice miaka mingi, anaijua miiko yetu. Aliinamisha kichwa na hakuuliza tena. Akanionya tu kwamba nitakapozipiga pikapu zote mbili pamoja, nisikilize vizuri. Zikipingana, sauti itakonda. "Ikikonda, niletee. Usiguse waya mwenyewe, maana hilo bati nalo limeunganishwa humo humo."

Nimeifunga tangu Jumapili na mpaka leo sijaiwasha. Jumamosi kuna michezo, timu nne zinakuja, na bendi lazima ipige. Rexie, mpiga dramu wetu, ananicheka. "Bwana, unaliogopa hilo gitaa kuliko nyoka. Nyoka angalau anauma." Nami nacheka naye. Wewe ulimpigia besi miaka sita. Sauti yake ilikuwa ya shingoni, sivyo? Mimi nimeanza kusahau, na hapa siwezi kumwuliza mtu bila kumgusia yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaka, niliiacha barua pale nikidhani nitaituma jana. Gari la posta halikuja. Afadhali.

Jana alasiri Rexie alinivuta mpaka kwenye banda la muziki. Nilianza na pikapu ya darajani, kali na safi. Nikaenda ya shingoni. Ilitoka sauti ya duara, laini, ya mtu nisiyemjua. Nikashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilihisi mabega yangu yamelegea.

Kisha nikaweka swichi katikati, zilie zote mbili.

Sauti ilikonda kama Gwenda alivyosema. Ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya tangi tupu la maji, ya puani kidogo, ya mbali. Rexie akashika vijiti vyake visimame. Alikuwa yeye, Kaka. Hata mimi niliyesahau, nilimjua kwa noti tatu tu. Haikuwa ya shingoni hata siku moja. Kumbe na yeye waya zake zilikuwa zinapingana miaka yote, akawa anapigia katikati, na sisi tulidhani ni mkono wake. Kanda moja tu ingeniambia, lakini nani angethubutu kuipiga?

Uwanja wa pili wanawake walikuwa wanacheza karata. Wakanyamaza wote. Nikamwona Mama anaweka karata zake chini, anainuka, anakuja. Nilitaka kuzima amplifaya na sikuiona swichi iko wapi, na ilikuwa mbele ya macho yangu.

Akasimama mlangoni. "Otto, umefanya nini humo?"

"Nimekosea, Mama. Sumaku zinapingana. Kesho nalirudisha kwa Gwenda alirekebishe."

"Nani kakutuma kurekebisha?"

Akakalia pipa, akajifunika shuka mabegani. "Piga ule wa taratibu."

"Mama, ulisema..."

"Najua nilichosema. Nilikisema mimi, si wewe. Piga."

Nilipiga, Kaka, na sijawahi kupiga vibaya hivyo. Niliruka mahali pawili. Mama machozi yalimtoka bila sauti. Nilikuwa namtazama yeye, sitazami nyuzi, nikisubiri aanguke. Shangazi Lottie alikuwa amefika nyuma yake na mikono yote miwili tayari kumdaka. Nikawa nahesabu saa ngapi ndege ya madaktari ingefika.

Nilipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya shuka. Halafu akasema, "Nilimwambia mara ngapi apeleke hilo gitaa kwa fundi. Mara ngapi? Kila Krismasi. Lakini yule alikuwa hasikii." Na akalitaja jina. Alilitaja kwa kukaripia, kama anamwita kutoka mtoni aje ale. Lottie aliziba mdomo. Rexie akatazama chini. Mama akatugeukia wote: "Mnashangaa nini? Mwanangu huyo. Nani kaweka chai?"

Akanywa vikombe viwili na kula mkate. Asubuhi ya leo nimeamka kabla yake nikaenda kusikiliza mlangoni kama anapumua. Anakoroma.

Ameniamuru nisiguse waya. Jumamosi nitapiga katikati wimbo mmoja tu, wa mwisho, mingine yote shingoni. Sikufichi, bado naogopa. Watu wa timu nne watasikia, na hawakuwepo jana. Lakini Mama atakaa mbele, kaniambia hivyo, na kama kuna wa kuinuka na kusema acha, ni yeye tu.

Nisalimie Carmel, Bronwyn na mdogo wake ambaye sijamwona. Lottie anauliza kama huko kuna daktari wa meno asiyeumiza. Rexie anasema besi yako ipo, imekaliwa na paka. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na mnaporudi mkute moto unawaka.

Mimi mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Otto

Tena: Mama amesimama nyuma yangu na bahasha mkononi. Anasema jina la Carmel tulipumzishe sasa. Amenishikia kalamu mpaka nimeandika lako juu ya bahasha, kwa herufi kubwa: LINDSAY.