Kila Kitu Kinasoma Saba

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, Kariakoo tope tupu, na mimi nina hasira ambazo sijui niziweke wapi.

Asubuhi alikuja Mama Sele, mama lishe wa kule mtaa wa Gerezani anayeosha sufuria zake kwa sabuni yetu ya maji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanifungulia viganja. Ngozi imebabuka, katikati ya vidole nyama inaonekana.

"Mwanangu, sabuni yenu hii imeniunguza."

Nikamwonyesha daftari. Kila ndoo tunayotengeneza, mwenzangu Zuhura anaipima kwa kile kipimo chetu chenye kichwa cha kioo, anaandika namba. Tunataka saba, yaani sabuni isiyo na ukali wa asidi wala wa magadi. Kurasa nzima zimejaa namba saba tu. Nikamwambia labda ni pilipili anazokatakata. Mtu mzima yule akakunja viganja vyake, akaondoka zake.

Roho ikanisuta. Nikachovya kipimo kwenye ndoo ya jana: saba. Kwenye maji ya bomba: saba. Nikakamua ndimu kikombeni, nikachovya.

Saba.

Nikakipeleka dirishani. Kile kioo cha mbele, chembamba kama ganda la kitunguu, kina ufa. Kikishapasuka hakipimi tena, kinang'ang'ania saba hata ukikitia kwenye siki.

Zuhura alipofika nilimuuliza hapo hapo mlangoni. Hakubisha. Wiki tatu zilizopita mwiko ulikuwa mbali, akakorogea sabuni kwa kipimo, kikagonga ndoo. Tangu siku hiyo alikuwa anaandika saba tu.

"Ningekwambia, shoga, ungenifokea."

Kweli ningemfokea, mdomo wangu naujua. Lakini ningefoka siku moja, yangeisha, tungecheka.

Huyu ndiye aliyenishika mkono siku tunamzika mama. Funguo za chumba hiki cha sabuni anazo. Sijawahi kumkagua, maana niliona kumkagua ni kumtukana. Leo nimejiona mjinga, na nimelia mbele ya ndoo za sabuni. Zote nimezifunga, haitoki hata chupa.

Ila kinachoniuma kuliko vyote nimekikumbuka jioni hii. Jumapili iliyopita nilikula kwake. Tulipomaliza nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya sabuni yetu pale karoni. Akaisogeza pembeni, akanipa kipande cha sabuni ya mche. "Hiyo waachie wateja," akasema, akacheka. Nami nikacheka, nikadhani ni utani wake wa kila siku.

Alijua.

Kesho, kabla Mama Sele hajawasha jiko, nitakuwa Gerezani. Nitamwomba radhi kwa ule mdomo wangu wa pilipili, kisha nitakaa chini nimsugulie sufuria zake zote kwa sabuni ya mche, mpaka mikono yake ipone.

Na Zuhura je? Nimwambie nini mtu aliyeihurumia mikono yangu, ya Mama Sele akaiacha iungue?