Koki ana barua thelathini na nne, mimi sina hata moja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimeapa kwamba siku hiyo naifuta tovuti yangu na masomo naacha, na mimi nikiapa huwa sirudi nyuma.

Mimi ni mwoka keki, sikurithi jiko la mtu, nilianza na oveni ya kuazima ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya, na leo nina miaka kumi na moja ya kuoka na keki elfu mbili mia tatu na kumi na nne, najua kwa sababu nahesabu, na mwaka huu nikasema nimechoka kungoja mteja anayenisikia kwa jirani, nikajiunga na darasa la kutengeneza tovuti, wanafunzi kumi na wawili kompyuta sita, kwa hiyo kila kompyuta watu wawili, na mimi nikapangwa na fundi bomba mmoja tunayemwita Koki.

Wiki ya kwanza tu nilichekwa, nililalamika kwamba nyumbani kurasa zinachelewa kufunguka, mwalimu akaniuliza wifi yangu ikoje, nami kwa moyo mweupe nikajibu kwamba wifi yangu ni mvivu, amehamia kwetu tangu mwezi wa pili, anakula kingo zote za keki na haoshi hata bakuli, nikaenda hivyo dakika nzima kabla sijaelewa kwamba anaulizia mtandao. Nikasema sawa, chekeni mwanzo, mwisho tutaonana.

Na kweli ukurasa wangu ukatoka mzuri kuliko yote. Wa Koki una picha ya bomba lililopasuka, na hata hiyo picha mimi ndiye niliyemsaidia kuigeuza, ilikuwa kichwa chini. Tovuti zetu zilipandishwa siku moja na leo ni siku ya kumi na tisa. Kwa kihesabio alichotuwekea mwalimu, kwangu wamepita watu mia tatu na kumi na wawili, kati yao thelathini na mmoja wamebonyeza kitufe cha "Niandikie", na kwenye barua pepe yangu kuna sifuri. Sifuri, mshauri. Kwa Koki wamepita sitini na nane, na jana katangaza darasani kwamba ana barua thelathini na nne.

Sasa anavyojisifu, eti mafundi wenzake wanahangaika na sinki na vyoo, yeye anaandikiwa na watu wa maghorofa, mmoja ana ghorofa tatu na anataka kazi iishe Jumamosi kabla ya saa sita, mwingine ana mbili tu lakini anasisitiza ya juu iwe ndogo kuliko ya chini, nikajisemea moyoni matajiri nao wana mambo yao. Analalamika tu kwamba kila akiwajibu kuwa atakuja kwanza kupima presha ya maji, wananyamaza, na juzi alifika kwa mmoja na futi kamba begani, mama mwenye nyumba akamuuliza unapima nini, na nyumba yenyewe ni ya chini. Darasa zima lilicheka, mimi sikucheka, nilikuwa nagawanya thelathini na nne kwa sitini na nane, nikapata nusu, yaani nusu ya wanaomwona wanamwandikia.

Ngoja nikuambie lisilosemeka. Kile kitufe si changu. Koki alikihangaikia siku mbili, na alipotoka kupokea simu nikakinakili, mistari yote kumi na minne, nikabadilisha rangi kutoka buluu kuwa waridi, nikabadilisha maneno, nikaweka na kijipicha cha keki, na hadi leo sijamwambia. Nawaza labda sifuri hii ndiyo adhabu yangu, cha wizi hakina baraka, au labda amegundua akafanya ujanja barua zangu zisifike. Nimeacha kumsalimia tangu Jumatatu, na yeye bado ananiachia kiti cha dirishani, jambo ambalo linaniudhi zaidi. Je, nimmwagie yangu mbele ya darasa, au nifute kimya kimya niondoke?

Mwoka Keki Mwenye Sifuri

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Sifuri, niwie radhi, barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimecheka hadi mhariri akaja kuchungulia. Pole, lakini usifute kitu. Wewe ni hodari wa kugawanya. Leo nakuomba utoe. Thelathini na nne toa thelathini na moja. Inabaki tatu. Hizo tatu ndizo barua za Koki, na bila shaka ni za vyoo. Nyingine zote ni zako.

Bibie, miaka kumi na moja watu wanakuagiza keki za ghorofa, leo unatajiwa ghorofa ya juu iliyo ndogo kuliko ya chini, ya Jumamosi kabla ya saa sita, unadhani ni jengo? Wivu ni pamba ya masikio.

Sikiliza, maana kosa hili si lako peke yako. Mtu akifungua ukurasa wako, simu yake inaomba nakala kwa seva, ile kompyuta isiyozimwa ambako ulipandisha kazi yako, na seva inampa. Njia hiyo ni nzima, una mashahidi mia tatu na kumi na wawili. Barua pepe inapita njia yake nyingine. Haijali imetokea kwenye ukurasa wa nani wala kitufe kina rangi gani, inakwenda kwenye anwani iliyoandikwa, basi. Na kitufe kina sura mbili, ya nje wanayoiona watu na ya ndani inayosomwa na mashine. Ya nje uliivalisha waridi, ya ndani ukaiachia anwani ya Koki. Hujalaaniwa. Umechukua sufuria ya mtu bila ruhusa, ukaisugua ikang'aa, na jina la mwenyewe bado limeandikwa kitakoni.

Kesho fungua hiyo mistari kumi na minne, tafuta alama ya @. Futa anwani ya Koki, andika yako, herufi kwa herufi. Kisha pandisha upya kwenye seva, maana ukisahihisha kwenye kompyuta ya darasa ukaishia hapo, dunia itaendelea kuona kosa lile lile. Halafu jaribu, na usijaribu kwa simu yako, huenda imeweka nakala ya zamani. Mpe wifi yako, huyu mwenye miguu, abonyeze akuandikie neno moja. Likifika, mpe kingo za keki. Siku hiyo atakuwa amezifanyia kazi.

Ukimaliza, nenda kwa Koki, umwambie bila kuzunguka: "Nilichukua kitufe chako bila kukuomba, na wateja wangu wanaangukia kwako." Mtu anayekuachia kiti cha dirishani wiki nzima huku umemnunia hatakula nyama yako. Mwombe akutumie zile barua zote, uwajibu wenyewe siku hiyo hiyo, maskini, wanadhani mwoka keki wao anapima presha ya maji. Na usiende mikono mitupu. Unajua cha kubeba.

Kuhusu kiapo chako cha Ijumaa, kitimize. Futa ile sifuri.

Na wewe Koki, kama gazeti hili limekufikia: jirani yako wa kompyuta akiingia darasani na ghorofa tatu nyeupe, futi kamba iache mfukoni. Tafuta kisu.