Nafasi ya Mrusha Mkuki

Gesima,
Nyamira.
16 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Nyamoita,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani, nikiomba barua hii iwakute salama wewe, shemeji Bosire na Natasha huko Perth. Goti lako je? Ulisema linavimba ukisimama zamu nzima wodini. Sisi tuko. Mama anakula vizuri, ila jioni haoni sawasawa. Mvua imerudi na chai imechipuka hadi wachumaji wanalemewa.

Ulipopiga simu Sabato iliyopita nilikuambia kesi ya Nyakerario imeisha, kisha nikampa Mama simu. Sikuweza kuendelea. Kwenye karatasi angalau naweza kuacha, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Unajua binti yangu alivyorusha mkuki tangu akiwa shuleni, hadi akachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika michezo ya shule za Afrika Mashariki na kurudi na medali. Alama zake za mtihani zilikuwa nzuri, ila zilipungua kidogo kwa udaktari. Chuo kikuu alichoomba kilikuwa kimetenga nafasi chache kwa wanamichezo waliowakilisha nchi, naye akapewa moja. Wifi yako Orpah aliimba siku nzima. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea.

Sanduku lilikuwa limeshafungwa tulipopigiwa simu kwamba asiende. Kijana mmoja wa Marani, Ishmael, bondia, alikuwa ameachwa nje, akaenda mahakamani. Yeye aliichezea timu ya taifa ya vijana, na alidai kwamba michezo ya shule haihesabiki kuwa ni kuwakilisha nchi. Mahakama ikaagiza nafasi zote za wanamichezo zisijazwe hadi kesi isikilizwe. Wanafunzi wengine wakaanza masomo.

Dada, tumekwenda mahakamani hadi nikazoeana na askari wa mlangoni. Mara kesi imehamishiwa jaji mwingine, mara wakili wa chuo anaomba muda. Walizungumza Kiingereza cha haraka, wakimtaja mtu waliyemwita mhusika wa tatu. Nilichukua muda kujua kwamba ni mtoto wangu.

Nilikuwa nimeweka hasira yangu tayari kwa ajili ya babake Ishmael. Siku moja kesi iliahirishwa, nikamkuta kwenye korido ameketi na mwanawe wakila ndizi za kuchemsha. Anaitwa Ratemo, mkulima kama mimi. Alisogea akanipa nafasi kwenye benchi, akanikaribisha ndizi.

“Sikutaka kumpokonya mtoto wako,” aliniambia. “Nilitaka wangu naye aangaliwe. Wakili alisema hakuna njia nyingine.”

Niliketi, nikapokea ndizi moja. Watoto wetu walikuwa wameketi upande wa pili, Ishmael akimwonyesha Nyakerario jinsi mkono wake ulivyovunjika ulingoni na ulivyounganishwa. Binti yetu aliushika ule mkono akaupapasa mfupa kwa makini, kana kwamba hakuna kesi yoyote. Nilikula ile ndizi. Hasira ilinitoka, na tangu hapo sijapata mtu wa kumkasirikia.

Hukumu ilisomwa mwezi uliopita. Jaji alisema michezo ya shule inahesabika na Nyakerario alichaguliwa kwa haki. Akasema pia kwamba Ishmael alistahili kufikiriwa. Orpah alinifinya mkono. Kisha jaji akaendelea: darasa lilikuwa limeshakwenda mbali, sheria za masomo ya udaktari haziruhusu mtu kuingia katikati, na chuo kilikuwa kimefuta nafasi za wanamichezo kuanzia mwaka ujao kwa sababu ya mzozo huu. Hangeweza kukiagiza chuo kitoe nafasi ambayo haipo tena.

Nje, Nyakerario alimuuliza wakili wetu, Sharon, “Kwa hivyo nilikuwa na haki?”

“Ulikuwa nayo.”

“Na siingii?”

Sharon alitikisa kichwa. Nyakerario akamshukuru kwa kazi yake, akamsaidia kubeba mafaili hadi kwenye gari. Ratemo na mwanawe walikuwa wameondoka bila kuaga, nao wakiwa mikono mitupu.

Nimekwenda kwa mbunge, nimekwenda kwa mchungaji, nimekwenda hadi lango la chuo. Kila mahali wananipa pole na kiti cha kukalia. Sharon anasema rufaa itachukua miaka, na hata tukishinda, tutashinda nini?

Nyakerario halii. Mkuki ameurudisha shuleni. Asubuhi anachuma chai na mamake, jioni anamsomea bibi yake Biblia. Tumemtajia kozi nyingine, anasema atafikiria, nasi tunaogopa kumuuliza tena. Usimtumie chochote, dada. Mpigie tu, mwongee mambo mengine.

Jana mzee Obwocha, jirani yetu, alikuja na mguu umevimba, akauliza kama daktari yupo. Hapa kijijini walianza kumwita hivyo tangu siku ya maombi, na hakuna aliyejua namna ya kuacha. Nilitaka kumkatiza lakini Nyakerario alikuwa ameshatoka. Alipiga magoti, akaubonyeza mguu polepole, akauliza maumivu yalianza lini.

“Baba, nenda hospitalini leo hii,” alimwambia. “Mimi si daktari.”

“Najua, binti yangu,” mzee akasema. “Lakini umeuangalia.”

Alibaki amepiga magoti pale hata baada ya mzee kuondoka. Nami nilisimama mlangoni, nisijue kama nimwinue au nimwache.

Mama, Orpah na Nyakerario wanakusalimu sana. Tusalimie Bosire na Natasha. Nyasae, Mungu wetu, awafunike huko mliko, na akumbuke na huku.

Ni mimi, ndugu yako anayekupenda daima,
Makori