Kata Mbili, Mtungi Mmoja

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze maneno kabla ya salamu, nami leo nina maneno mengi, na mengine si mazuri.

Kiti chako hapa Magongo nimekikalia mimi. Kompyuta yako pia. Mtungi uko pale pale kando ya mlango wa uani, na kata yake ya kifuu inaning'inia msumarini. Kilichobadilika ni mimi, Shangazi. Nimekuwa mtu wa kijicho, na ninayemwonea kijicho ni Kazungu, mwanafunzi wako.

Ilianzia matangani kwako. Nilikuwa uani na wanawake, nikawasikia wanaume wakimuuliza ulikuwa ukimfundisha nini hasa. Akawaeleza. Programu, akasema, ina mikono zaidi ya mmoja, sisi tunaiita thredi. Mkono mmoja unasoma kadi ya mgonjwa, mwingine unaiandika, na yote miwili ikiishika pamoja kadi inaharibika. Kwa hiyo tunaweka kufuli, na Bi Zuhura alilifananisha na kata ya mtungi. Akaiga mpaka sauti yako: "Kata ni moya, mwanangu. Alo nayo ateke, mwingine na angoje."

Roho iliniuma, wallahi. Kata ile mimi nimeinywea tangu nina mapengo. Ulinichapa mkono kwa kumpokonya binamu yangu kabla hajamaliza kunywa. Yeye kaja juzi tu kutoka Mwakirunge, si damu yako, ukampa hadithi ya nyumbani kwetu. Na ingekuwa hadithi tu, ningevumilia. Ulimpa sehemu ya kuhifadhi data, moyo wa programu yenyewe. Mimi, mtoto wa kaka yako, ukaniachia madirisha na vitufe nivipambe. Nilikuwa nikikuletea chai, nikikuta vichwa vyenu viwili kwenye skrini moja, naiweka chai naondoka.

Basi sikiliza nilichofanya.

Wale wa kliniki ya Kisauni, wanaotumia programu yetu ya kadi, walitaka majibu ya maabara yaingie kwenye kadi yenyewe, nesi asiyanakili kwa mkono. Kazi hiyo ilitaka thredi mpya, na thredi mpya ilitaka kufuli lako, lililo kwenye faili anayoitunza Kazungu. Ningempigia simu tu. Sikupiga. Nilitengeneza kufuli langu mwenyewe, nikalijaribu hapa nyumbani mara nyingi, halikukosea hata mara moja. Nikaenda kuliweka kliniki, nikarudi kifua mbele.

Kufuli langu lilizuia mkono wangu. Lako lilizuia mkono wa nesi. Hakuna lililojua habari za mwenziwe. Siku ya tatu asubuhi thredi yangu ilisoma kadi ya mama mjamzito. Papo hapo nesi akaandika kwamba penisilini inamdhuru. Kisha thredi yangu ikaongeza majibu ya damu kwenye kadi kama ilivyoisoma mwanzo, ikaihifadhi juu ya maandishi ya nesi, nayo yakapotea. Jioni nesi wa zamu nyingine aliangalia kadi, hakuona kitu, akaandaa sindano. Yule mama alijiokoa kwa mdomo wake: "Dada, dawa hiyo haipatani nami, nimesema hapa hapa asubuhi."

Nesi alinipigia kuniuliza. Hapo ndipo nilipompigia Kazungu.

Alikuja mbio. Alisoma, hakucheka, na bora angecheka. "Dada Saumu, hapa kuna kata mbili," akasema. Nikamtolea uchungu wangu wote, kwamba ulimfundisha yeye ukaniacha mimi. Akaniambia kosa hili hili alilifanya yeye alipoanza kazi, ndipo ukamsimamisha mbele ya mtungi ukamweleza. Alipokuuliza mbona Saumu humwelezi, ulimjibu: "Saumu kakulia kwenye mtungi. Yeye ajua."

Ulidhani najua, Shangazi. Na nilijua. Sikutaka tu kuipokea kata kutoka mkononi mwake.

Kufuli langu nimelifuta. Kadi zote za siku zile tatu tumezipitia, mimi na Kazungu na nesi, moja moja, tukarudisha yaliyopotea. Yule mama nilikwenda kumwomba radhi. Alinitazama sana, akaniambia nikae, akanipa maji. Sikuweza kuyanywa.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Bado naona ungeniambia mwenyewe, hata kwa kunikaripia. Ningekuwa na kitu cha kuwasimulia watu matangani, nami nikaiga sauti yako.

Mungu akunurishie kaburi, Shangazi. Nakuahidi kata itakuwa moja. Nikiikuta mkononi mwa Kazungu, nitangoja. Nitanuna, lakini nitangoja.

Mwanao,
Saumu